Zamu ya Jiko la Arobaini na Moja

Katika kijiji cha Tamzrit, kilichoshikilia ubavu wa milima ya Atlas, watu hawahesabu nyumba wala vichwa, huhesabu majiko. Jiko ni wale wote wanaokula chungu kimoja, na nilipofika huko kufundisha, majiko yalikuwa arobaini na moja. Kila jiko lilikuwa na zamu mbili: zamu ya maji ya mfereji na zamu ya kumlisha mwalimu. Zamu zote mbili zilifuata mkondo wa mfereji, kuanzia nyumba ya kwanza kule juu maji yanakoingilia, hadi nyumba ya mwisho kule chini yanakoishia. Siku yako ikifika, unampelekea mwalimu chakula cha mchana na cha jioni; siku ya pili yake ni ya jirani yako. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na katika miezi yangu sita ya kwanza haukukosewa hata siku moja.

Mimi nilifunzwa chuoni kwamba jambo lisiloandikwa haliwezi kusimamiwa. Kwa hiyo niliuandika.

Darasa letu lilikuwa mradi mdogo wa chama cha watu saba wa mjini Beni Mellal, wakiongozwa na Bi Ghita, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya kuamuru na moyo mwepesi wa kutoa. Walikuwa wamekarabati chumba kimoja cha udongo, wakatandika mikeka, wakapachika ubao, wakanipa watoto kumi na tisa waliopitwa na umri wa kuanza shule, wengi wao wasichana. Kazi yangu ilikuwa kuwatayarisha kwa mwaka mmoja, ili Septemba wapokewe katika shule ya serikali iliyo ng'ambo ya mto. Mkuu wa shule ile alikubali kwa sharti: mtoto aliyetimiza miaka tisa asifikishe siku ishirini za kukosa darasa letu. Akizifikisha, nafasi yake atapewa mwingine, na mwaka unaofuata atakuwa mkubwa mno kupokewa.

Tuda alikuwa na miaka tisa na nusu. Theluji ya Januari na homa ya mama yake vilikuwa vimekwisha kumla siku kumi na mbili. Alibakiwa na nane. Nilikuwa nikizitazama siku hizo nane katika daftari la mahudhurio kila asubuhi, kwa sababu hapakuwa na mtoto darasani aliyesoma kama yeye. Alisoma magunia ya mbolea, alisoma makopo, alisoma kijikaratasi cha dawa ya mbuzi akaniuliza maana ya neno "tikisa."

Mama yake, Izza, alikuwa mjane wa nyumba ya mwisho kabisa, pale maji ya mfereji yanapofika yamechoka. Alikuwa na mbuzi mmoja, kuku mmoja, na kishamba ambacho mtu angeweza kukivuka kwa hatua ishirini. Mwezi wa Machi Bi Ghita alipokuja kutukagua, nilimpitisha pale. Tulipotoka alisimama njiani akanishika mkono.

"Mahjuba, niambie kweli. Mwanamke huyu naye anakulisha?"

"Zamu yake ikifika, Bi Ghita. Kama wengine."

"Kama wengine! Wewe umemwona kama wengine? Tumekuja huku kusaidia au kunyonya? Hebu mtoe kwenye hiyo zamu, mwanangu. Apumzike, maskini."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimekula kwa Izza mara nne, na kila mara tonge lilinikwama kwa kufikiria kile ambacho mtoto hakula. Jioni ile nilichukua rula na karatasi kubwa, nikachora mistari arobaini, nikaandika majina ya majiko kwa wino wa buluu, nikabandika ukutani kando ya ubao. Ilikuwa kazi safi. Sikumwambia mtu yeyote kijijini. Niliona hakuna la kuelezwa, kwani nani hulalamika kwa kutuliwa mzigo?

Zamu ilipomaliza nyumba ya arobaini, nilimpitia Hlima, mke wa nyumba ya kwanza, mwanamke mnene mcheshi anayezungumza kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde.

"Hlima, kesho ni wewe."

"Mimi? Kesho?" Aliacha kupepeta. "Una hakika, mwalimu?"

"Nina hakika. Nimeandika."

"Haya. Ikiwa umeandika." Akaendelea kupepeta, lakini polepole.

Kesho yake mchana, watoto walipokuwa wametoka, Hlima alifika mlangoni na bakuli la maboga na nyama. Nilikuwa sijalipokea nilipomwona Izza akipanda kijia. Alikuwa amevaa shuka lake la sherehe, lile la mistari myeusi na myeupe, na mikononi alibeba bakuli la udongo lililofunikwa kitambaa. Mvuke ulikuwa ukitoka pembeni mwa kitambaa, nikasikia harufu ya siagi.

Wanawake wawili wakasimama mbele yangu na mabakuli mawili. Hlima, ambaye sijapata kumwona akikosa neno, alitazama chini.

"Mama Tuda," nikasema kwa furaha, Mungu anisamehe, "hukuambiwa? Chama kimekupumzisha. Kuanzia sasa huna zamu."

Izza alitazama ndani ya chumba, kwenye ile karatasi ukutani, ingawa hakujua kusoma.

"Nimepumzishwa," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Ahsante."

Akageuka, akashuka kijia kwa hatua zilezile alizopandia, bila kumwaga kitu. Hlima alinipa bakuli lake na kuondoka bila hata kunisimulia habari za mkwewe. Nilikula peke yangu. Baadaye nilisikia kwamba kile chakula cha Izza, kuskus, chembe za shayiri zilizopikwa kwa mvuke, yenye mayai manne, kililiwa na mbwa wa shemeji yake.

Asubuhi iliyofuata Tuda hakuja. Siku ya pili hakuja. Nilidhani homa imerudi nyumbani kwao. Siku ya tatu, zikiwa zimebaki siku tano, niliamua kwenda. Na kwa kuwa sikutaka kwenda mikono mitupu, nilichukua mfuko wa unga wa kilo ishirini kutoka akiba ya chama, nikatia na mche wa sukari, nikauburuta hadi nyumba ya mwisho.

Hawakuwa na homa. Tuda alikuwa akichambua sufu pembeni mwa ua; aliniona, akainamisha kichwa. Izza alinikaribisha kwa adabu zote. Alitandika mkeka, akachemsha chai, akaimimina kutoka juu kama inavyompasa mwenyeji, akangoja ninywe glasi ya kwanza na ya pili.

"Tuda tumemkosa darasani," nikasema.

"Ana kazi."

"Mama Tuda, amebakiwa na siku tano tu. Zikiisha hapokewi ng'ambo. Unajua hilo."

"Najua. Ulilieleza vizuri wakati ule. Wewe hueleza vizuri."

"Sasa kwa nini?"

Alizungusha glasi kiganjani. "Mwanangu, huyu mtoto alikuja hapa kesho yake, baada ya wewe kubandika karatasi yako. Akaniambia, 'Mama, majiko yote yameandikwa ukutani, letu halipo.' Nikamwambia umesoma vibaya, rudi kasome tena. Akarudi, akasoma. Akaja akaniambia halipo. Nikamwambia mwalimu hawezi kutusahau, wewe ndiye hujui kusoma bado. Mara tatu nimemrudisha. Mara tatu amesoma." Akaiweka glasi chini. "Wewe ndiye uliyemfundisha. Kasoma vizuri. Na alichosoma ni kwamba sisi hatupo."

"Sikukusudia hivyo! Ilikuwa kukusaidia..."

"Kunisaidia." Alisimama, akaushika ule mfuko wa unga, akaunyanyua kwa nguvu ambazo sikudhani anazo, akaniegemezea mgongoni. "Huu ni mzito kwako, najua. Pumzika njiani."

Nilirudi na kilo ishirini mgongoni mbele ya kijiji kizima. Hlima alikuwa juu ya paa akianika pilipili.

"Ee mwalimu! Umeanza biashara ya upunda?"

"Hlima, shuka. Nieleze nimefanya nini."

Alishuka, akaniondolea mfuko, akaukalia. "Sasa unauliza? Mimi nilikuuliza kama una hakika, ukasema umeandika. Haya nijibu wewe uliyesoma. Hapa Tamzrit, nani halishi mwalimu?"

"Sijui. Hakuna."

"Wapo. Mpita njia halishi. Mwendawazimu halishi. Na maiti halishi. Wewe Izza umemweka fungu gani?"

Akainua vidole vitatu, akaanza kuvikunja kimoja kimoja.

"Mpita njia si yeye, kazaliwa hapa. Kichaa si yeye, ana akili kuliko mume wangu, ingawa hilo si kazi kubwa. Basi umemzika, shoga. Na ukamletea na unga wa matanga."

Usiku ule sikula vizuri wala sikulala vizuri, na asubuhi, kabla watoto hawajafika, nilichukua penseli na chini ya mstari wa arobaini nikaandika: Izza. Nikajiambia nimesahihisha. Mtu aliyezoea madaftari hudhani kosa la kalamu huondolewa kwa kalamu.

Siku ile ya nne Tuda hakuja. Aliyekuja, mchana, ni Zayd u Hmad, amghari wa kijiji, ambaye kazi yake ni kugawa maji na kusuluhisha magomvi, na ambaye hupenda ya kwanza na huchukia ya pili. Aliingia akipumua kwa hasira, akaielekezea fimbo karatasi yangu.

"Hii ndiyo?"

"Ndiyo hii, baba. Nimemrudisha. Tazama, pale chini."

"Mimi sitazami, sijui kusoma. Lakini Moha anajua herufi mbili tatu. Moha, shemeji yake Izza. Jana kanijia na maneno marefu: jiko la Izza limezimwa na chama chenyewe, iko ukutani, basi zamu yake ya maji ihamie kwangu. Miaka saba anakimezea mate kile kishamba! Hakuwa na hoja hata moja. Wewe umempa ya wino wa buluu."

Nikakaa juu ya meza. "Nitaifuta. Nitaandika upya, jina lake lianze..."

"Binti yangu, jiko haliwashwi kwa kalamu." Akakaa na yeye, akapunguza sauti. "Sikiliza. Walimu wa msikitini waliokutangulia walikuwa wakila hivihivi tangu babu zangu. Ikitokea nyumba imeshindwa siku yake, pengine kuna msiba, pengine wamegombana, zamu haiwaruki. Inasimama pale pale. Mwalimu anangoja."

"Anangoja bila kula?"

"Sasa atangoja vipi akiwa ameshiba?" Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Wewe siku ile ulikula chakula cha Hlima. Ukala na cha yule, na cha yule mwingine. Kila tonge lilikuwa linamruka Izza. Mimi siwezi kukwambia ufanye nini, umesoma kuliko mimi. Nakwambia tu maji nitayagawa Jumapili, na Moha ana mdomo."

Alipoondoka nilibandua karatasi ile ukutani. Jioni mke wa nyumba ya tano alipoleta chakula nilimwambia kwa heshima akirudishe. Zamu, nikamwambia, iko nyumba ya mwisho. Imesimama pale tangu siku zile, na mimi ndiye niliyekuwa nimepotea njia.

Alinitumbulia macho, kisha akaondoka mbio na bakuli lake. Nadhani kabla ya Isha hapakuwa na jiko lililokuwa halijapata habari.

Sikutuma ujumbe kwa Izza. Nilifikiri sana juu ya hilo, nikaona kwamba nikimwomba chakula nitakuwa namwonea kwa njia nyingine. Na nikimwomba anirudishie Tuda, nitakuwa nimemweka mtoto mezani kama bei. Lililo langu lilikuwa kungoja tu.

Siku ya tano nilifundisha nikiwa na chai tumboni. Tuda hakuja. Mchana walikuja wanawake watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijifanya anapita tu na mkate mkononi. Niliwaambia zamu haijawafikia. Hlima alisimama mlangoni akauangalia ule mfuko wa unga uliokuwa bado umekaa pembeni.

"Unga unao, njaa unayo. Mungu akupe nini tena?"

"Akupe wewe uondoke na harufu ya huo mkate, Hlima."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Kumbe unajua kutania! Njaa imekufaa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Amesikia. Anajua. Ila hasemi kitu."

Siku ya sita Tuda hakuja. Wanafunzi walijua, watoto hujua kila kitu, na kila mmoja alinitazama mdomoni kama niliyeumwa jino. Nilipogeuka kuandika ubaoni herufi zilinichezea, nikawaambia wasome kimyakimya. Zayd alipita jioni, hakuingia. Nilimsikia nje akimfokea mtu: "Tutaambiwaje kule ng'ambo? Kwamba Tamzrit imemuua mwalimu kwa njaa?" Na sauti ya Moha ikajibu kwamba mwalimu anajiua mwenyewe, unga anao. Na Zayd akasema: "Anangojea jiko la ndugu yako. Unalijua jiko la ndugu yako? Lile ulilosema limezimika. Mtu hangojei chakula kwenye jiko lililozimika, Moha."

Siku ya saba Tuda hakuja. Nilitia alama katika daftari, nikahesabu, nikahesabu tena ingawa hesabu ilikuwa wazi: kumi na mbili na saba, kumi na tisa. Ilibaki moja. Mchana nilitoa watoto mapema kwa sababu sikuweza kusimama bila kushika meza. Nilikaa kizingitini nikitazama moshi wa majiko kule chini. Ule wa nyumba ya mwisho ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwepo. Nilijiuliza kama ninachofanya ni adabu au ni kiburi kingine tu chenye sura ya adabu. Sikupata jibu, na sijapata hadi leo. Nilijua tu kwamba tonge la mtu mwingine lisingepita.

Siku ya nane kulipopambazuka nilijikokota nikafungua darasa. Niliita majina. Nilipofika kwa Tuda niliita mara mbili, kisha nikaiacha nafasi yake wazi, bila alama, jambo ambalo sijawahi kulifanya katika daftari lolote. Watoto kumi na wanane walisoma. Saa tano niliwaruhusu waende.

Hawakwenda. Walisimama nje, na nyuma yao nikaona mama zao, na Hlima, na Zayd akiegemea fimbo. Wote walitazama chini ya kijia.

Izza alikuwa akipanda. Shuka la mistari, bakuli la udongo, kitambaa juu. Hakuharakisha. Alipita katikati yao wakampisha, akaingia, akaweka bakuli mbele yangu, akafunua. Kuskus ya shayiri, siagi katikati imetengeneza kidimbwi, na mayai matano pembeni yake.

"Umekonda kama mbuzi wangu," akasema.

"Nilidhani hutakuja, mama Tuda. Nilidhani unaniadhibu."

"Nikuadhibu?" Alinikazia macho. "Nina kuku mmoja, mwalimu. Mayai ya kwanza yalikwenda kwa mbwa wa Moha. Ulitaka nikuletee shayiri kavu, waseme jiko la Izza halina yai? Nilikuwa nangoja kuku atage."

Nje mtu aliangua kicheko, nadhani ni Hlima, na kicheko kikaenea mlangoni kote. Izza mwenyewe hakucheka, ila mdomo wake ulijikaza upande mmoja.

"Kula."

Nilikula. Alikaa mbele yangu akihesabu kila tonge, na nilipotaka kuacha alisukuma bakuli karibu. Nilimaliza mayai yote matano, kwa sababu sasa nilikuwa nimejua kwamba kumbakishia kungekuwa tusi. Nilipolamba kijiko, Zayd alitia kichwa mlangoni, akatazama bakuli tupu, akageuka akawatangazia waliokuwa nje kwa sauti ya kugawia maji:

"Arobaini na moja! Kesho Hlima. Na Jumapili mtu asikose mferejini, kwa mpangilio uleule."

Watu wakaanza kutawanyika. Izza alifuta bakuli kwa kile kitambaa, akasimama, kisha akaita bila kugeuza shingo:

"Wewe! Unajificha nini huko? Ingia. Mwalimu ameshiba, hana kisingizio tena."

Tuda alitokea nyuma ya ukuta, mikono bado imeshika nyuzi za sufu. Aliingia, akaenda kwenye nafasi yake ya siku zote, karibu na dirisha, akakaa wima. Darasa lilikuwa tupu. Wenzake walikuwa wamekwenda na mama zao, na jua lilikuwa limefika utosini.

"Wenzangu wamefika ukurasa gani, mwalimu?"

"Wa thelathini na sita."

"Mimi niliishia ishirini na nane."

"Basi fungua ishirini na nane."

Nilivuta daftari la mahudhurio, nikatafuta jina lake, na katika ile nafasi niliyoiacha wazi nikaandika, kwa wino: amechelewa. Kisha nikachukua chaki.